Shimo Lisilofunikwa

(Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: Kutoka 21:33-34. Soma pia Kutoka 16:13-21.)

Ikiwa Biblia iko karibu nawe, ifungue katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 21, mstari wa 33 na wa 34.

Ni mahali ambapo wengi wetu huparuka. Tukishamaliza Amri Kumi katika mlango wa 20, tunakimbilia habari za ndama ya dhahabu. Hapo katikati kuna sheria za ng'ombe mwenye pembe kali, za wezi, za mashamba na mifugo, na msomaji wa mjini huona hazimhusu. Lakini Waisraeli walikuwa wafugaji, na Mungu alisema nao kwa mambo ya wafugaji. Sheria yenyewe ni fupi. Mtu akichimba shimo, au akifunua lililokuwako, asilifunike, kisha ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia na kufa, mwenye shimo hana budi kulipa. Atampa mwenye mnyama fedha, na ule mzoga utakuwa wake yeye mlipaji.

Angalieni jambo moja. Sheria hii haiulizi kama mwenye shimo alikusudia kumwua punda. Haiulizi kama alikuwa na chuki na jirani. Huenda alikuwa mtu mwema, mwenye kusali kila siku, na shimo alilichimba kwa haja ya halali kabisa, labda kutafuta maji. Kosa lake ni kwamba alipomaliza haja yake alikwenda zake, akaacha shimo wazi mahali ambapo wanyama wa watu hupita.

Leo nataka tuichukue sheria hii mpaka Lafey.

Lafey ni mji mdogo katika Kaunti ya Mandera, kati ya El Wak na mji wa Mandera, karibu sana na mpaka wa Somalia. Zamani za mikoa ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambao makao yake yalikuwa Garissa; tangu 2013 ina kaunti yake ya Mandera. Wenyeji ni Wasomali, ni Waislamu, na mali yao ni ngamia, mbuzi, kondoo na punda. Wakristo ni wachache, na wengi wao walifika huko kwa kazi: mwalimu, muuguzi, askari, fundi. Mvua huko ni za misimu miwili, Gu na Deyr, na yote miwili inaweza kukosa. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 ilikosa misimu mitano mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni mbili. Kisha mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko.

Karibu kila kitu kinachouzwa dukani Lafey huletwa na lori. Lori huja limejaa sukari, unga, mchele, mafuta ya kupikia, sabuni na soda. Huondoka limejaa mbuzi. Hakuna lori linalorudi limebeba pakiti tupu, chupa tupu na karatasi za nailoni. Mwaka baada ya mwaka vitu vile hubaki pale pale, na upepo huvitawanya mpaka kwenye miiba ya migunga. Ukikaribia mji wowote wa upande ule, huanza kuona vitambaa hivyo vikipepea mitini kabla hujaona nyumba.

Na mbuzi huvila. Labda mtu atauliza, mbuzi ana akili, kwa nini ale nailoni? Kwa sababu ndani ya karatasi ile kuna chembe za sukari, au chumvi, au mabaki ya wali. Sisi tulipomaliza kula tulifunga ganda na makombo pamoja tukatupa. Mbuzi ananusa chakula, hawezi kufungua fundo, anameza yote. Wakati wa ukame, nyasi zikiwa zimekwisha, humeza hata ile isiyo na chakula.

Kinachotokea baadaye ni vizuri kila mtu akijue. Tumbo la mbuzi, kama la ng'ombe, lina vyumba vinne, na cha kwanza ndicho kikubwa. Humo majani hukaa yakichachuka, kisha hurudishwa mdomoni kucheuliwa. Njia ya kutoka chumba hicho kwenda kingine ni nyembamba. Nailoni haichachuki, haicheuliwi, wala haipiti. Hukaa. Ya leo hujiviringisha na ya juzi, na uzi wa gunia hujizungusha juu yake, hata likawa donge gumu. Mbuzi huona ameshiba, kumbe tumbo limejaa takataka. Anakonda wakati wenzake wananenepa kwa majani ya Gu. Maziwa yanakatika. Mwenyewe hudhani ni minyoo, anatoa fedha anunue dawa ya minyoo, na dawa haiyeyushi nailoni. Kuna njia moja tu ya kuiondoa, nayo ni kumpasua tumbo, kazi ya daktari wa mifugo mwenye vifaa. Na huko porini daktari huyo atatoka wapi? Siku mbuzi anapochunwa ndipo ukweli unaonekana.

Msifikiri ni habari ya mbuzi wa Lafey peke yao. Mwaka 2017 daktari wa mifugo katika machinjio ya Nairobi aliwaeleza waandishi wa habari kwamba ng'ombe wengine walikuwa wakitolewa mifuko 20 tumboni. Huko Dubai, wataalamu wamekuwa wakiwapasua ngamia waliokufa ili kujua sababu. Mwaka 2021 walichapisha matokeo yao, mmoja wao akiwa Ulrich Wernery wa maabara ya mifugo ya huko. Katika ngamia 30,000 waliochunguzwa tangu 2008, ngamia 300 walikutwa na madonge ya plastiki. Yaani mmoja katika kila mia. Ngamia, mnyama aliyeumbwa kustahimili jua, kiu na miiba, anauawa na kitu kilichobeba mkate kwa nusu saa.

Tena wale mbuzi wanaopandishwa lori hawaendi mbali na mezani petu. Wengi hushuka Kiamaiko, Nairobi, ambapo mbuzi wa kaskazini huuzwa na kuchinjwa kila siku. Kwa hiyo wewe unayesikiliza ukiwa Nairobi, au Thika, usije ukasema mambo ya Lafey ni ya Lafey.

Najua mtu atasema, serikali ilikwisha kupiga marufuku mifuko hiyo. Ni kweli. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 ni hatia katika Kenya kutengeneza, kuuza au kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka minne au faini ya shilingi milioni nne. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, na Tanzania bara ikafuata Juni 2019. Tumshukuru Mungu kwa sheria hiyo. Kabla yake maduka makubwa ya Kenya pekee yalikadiriwa kutoa mifuko milioni 100 kwa mwaka. Wengi wetu tumekwisha kusahau jinsi ilivyokuwa, na jinsi mitaro ya miji yetu ilivyokuwa imeziba.

Lakini sheria iligusa mfuko wa kubebea. Haikugusa pakiti ambayo kiwanda chenyewe kimefungia bidhaa. Pakiti ndogo ya sabuni ya unga ya kufulia mara moja, ya majani ya chai, ya biskuti, ya unga wa kutengenezea sharubati, chupa ya soda, chupa ya maji, hizo zote bado zipo. Na mipaka yetu ni mirefu, mifuko iliyokatazwa huingia bado kwa njia za panya kutoka nchi jirani. Lafey iko mpakani. Askari hawezi kusimama nyuma ya kila jiko. Mwenye shimo ndiye anayejua shimo lake liko wapi.

Sasa nitasema na Wakristo wenzangu kwa upole, lakini waziwazi. Mfugaji aliyezaliwa Lafey hana haja ya kufundishwa thamani ya kitu. Angalieni maisha ya wazee wao. Nyumba yao, ile waitayo aqal, ni fito na mikeka. Ikihama hupakiwa juu ya ngamia, na mahali pake hapabaki kitu ila majivu na mawe ya jiko. Maziwa yaliwekwa katika chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi ya miti, kikafukizwa moshi wa kuni ili maziwa yasiharibike upesi. Nyama ya ngamia aliyechinjwa haikuoza: ilikatwa vipande vidogo, ikakaangwa, ikahifadhiwa ndani ya samli ikaliwa kwa majuma mengi. Ni ile nyirinyiri ambayo watu wa bara wakiionja mara moja huitafuta kila likizo. Na watu hukaa kuzunguka sinia moja, wakala kwa mikono. Hakuna sahani ya kutupa.

Kisha tukaja sisi wenye mishahara. Wenye maduka pia, nao wengi ni wenyeji, sitaki kuwabebesha wageni lawama yote. Ila mwenye mshahara ndiye anunuaye vitu vya pakiti kwa wingi. Chumba cha mwalimu mmoja aishiye peke yake kinaweza kutoa pakiti nyingi kwa juma kuliko boma lenye watu tisa. Nyuma ya nyumba yake kuna shimo la takataka la kina kifupi, halina kifuniko wala ua wa miiba, na jioni mbuzi wa jirani wamesimama ndani yake.

Mwakumbuka jirani huyo ni nani. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililotoka Nairobi kwenda Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak. Wauaji walitaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake wengine waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike wasitambulikane. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi siku hiyo, akafa katika hospitali ya Nairobi Januari 2016. Mtu akiisha kukufanyia hivyo, hata kama si wewe uliyekuwa ndani ya basi lile, wamwachia mbuzi wake afe kwa karatasi yako ya mkate? Kwa familia ya Lafey mbuzi ni karo ya mtoto, ni nauli ya kumpeleka mgonjwa Mandera, ni maziwa ya chai ya asubuhi. Tukisema twampenda jirani na hatujali kilichomo ndani ya tumbo la mbuzi wake, sijui tunampenda kwa namna gani.

Basi tufanyeje? Wengi wakisikia habari ya takataka, mara moja huwaza pa kuzitupa. Wanataka shimo kubwa zaidi, au gari la kaunti. Vitu hivyo ni vizuri, lakini haviko mwanzoni. Nairobi ina magari, na bado jaa la Dandora, lililofunguliwa katika miaka ya 1970, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na takataka ziliendelea kumwagwa juu yake miaka mingi baada ya hapo. Mwanzo wa jambo ni kile tunachokubali kiingie mlangoni.

Fungua sasa mlango wa 16 wa kitabu kile kile. Wana wa Israeli wako jangwani, nchi kavu kama hiyo ya Lafey, na Mungu anawapa mana. Kila mtu aliagizwa akusanye kadiri ya watu wa hema yake, kipimo kimoja kwa kila kichwa. Wako walioisaza wakaiweka hata asubuhi. Ilitoa mabuu, ikanuka, na Musa akawakasirikia. Mimi nikisoma hapo naona takataka za kwanza za nyumbani zilizoandikwa katika safari ile, na hazikutokana na umaskini. Zilitokana na watu kuweka kuliko walivyoagizwa. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake ni pale Gigiri, Nairobi, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa zaidi ya tani bilioni moja za chakula, na zaidi ya nusu yake ilitoka majumbani. Mwaka huo huo watu wa Mandera walikuwa wakisubiri maji ya boza.

Kipimo cha mana tunacho hata leo, na sisi wenyewe tumekitengeneza kutokana na kitu kilichotumika. Nani hajui gorogoro? Ni mkebe wa mafuta ya kupikia, kilo mbili, uliokwisha kazi yake ya kwanza ukapewa ya pili, na soko zima linauamini. Mnunuzi akija na mfuko wake wa kitambaa au kikapu, akapimiwa mahindi kwa gorogoro, hakuna hata uchafu wa ukubwa wa ukucha uliobaki. Ndivyo iwezekanavyo kwa maharagwe, mchele, sukari na chumvi. Walimu watatu wa shule moja wakichanga, wakanunua gunia moja la sukari na katoni ya sabuni za mche, watakuwa wamekataa mamia ya pakiti ndogo kwa muhula mmoja, na bei yake ni nafuu. Hao wanaonunua sabuni ya pakiti ndogo kila siku hulipia pakiti pamoja na sabuni.

Makombo ya chakula yasikutane na plastiki kamwe. Hili ndilo jambo moja ambalo, likishikwa, litaokoa mbuzi wengi kuliko hotuba yangu. Maganda ya viazi, ya ndizi na ya matikiti, majani ya sukuma wiki yaliyokauka, yawekwe katika karai, na mbuzi wa jirani atakuja kuyashukuru. Lakini ugali na wali msimpe kwa wingi, hasa aliye na njaa. Nafaka nyingi kwa ghafula humchachukia tumboni, naye huweza kufa usiku ule ule. Wafugaji wanajua hilo; wageni hatujui, na kwa huruma yetu tumeua wengine.

Pakiti na karatasi ambazo hazikuepukika, suuza kwa maji uliyokwisha kuoshea vyombo, anika, zishindilie ndani ya gunia kuukuu, funga mdomo, ning'iniza juu ambapo mbuzi hafiki. Ni nyepesi, za nyumba moja kwa miezi mitatu hazijazi gunia. Tukienda likizo twaweza kulipandisha kwenye lori lile lile linalorudi. Nairobi na Mombasa wako wanaonunua plastiki kwa kilo. Hata huko Dadaab, katika Kaunti ya Garissa, Msalaba Mwekundu wa Kenya uliendesha kazi ya kukusanya plastiki katika kambi za wakimbizi, wakaiita kwa Kiswahili chetu, Takataka ni Mali.

Msichome nailoni jikoni. Nimeona mara nyingi watu wakiwashia makaa kwa karatasi ya nailoni, mama amebeba mtoto mgongoni na moshi ule mweusi unapita puani mwake. Moshi huo una sumu. Boksi kavu na majani makavu yatawasha moto vilevile.

Mikebe, matairi na mitungi iliyopasuka ina hatari yake nyingine. Katika mwezi wa Mei 2016 mji wa Mandera ulipatwa na homa ya chikungunya, ile inayokunja viungo mtu asiweze kusimama. Watu zaidi ya elfu moja waliugua. Mbu wa homa hiyo hahitaji kinamasi; hutaga katika mtungi wa maji usiofunikwa, na katika mkebe au tairi lililoshika mvua kidogo. Mtungi uliopasuka ukikatwa katikati ni chombo cha kunyweshea mwana-mbuzi. Tairi hutengenezwa akala. Kisichofaa lolote kitobolewe chini, maji yasitulie.

Kuna mawili ambayo ni magumu. La kwanza ni mawe ya redio, nami nasema nikijua kwamba baadhi yenu mnanisikia kwa mawe hayo sasa hivi. Yakiisha, watoto huyapasua wachezee makaa yake, na yaliyosalia husukumwa na mvua mpaka kwenye silanga ambamo watu na mifugo hunywa pamoja. Yakusanyeni katika mkebe wenye kifuniko, yasafiri na lile gunia. La pili ni nepi za kutupa. Hapo sina neno jepesi. Ni rahisi mhubiri kusema mama arudie nepi za kitambaa, lakini mama anayenunua maji kwa mtungi, na mtungi wenyewe umeletwa na punda kutoka mbali, hatakemewa na mimi. Ninaloweza kusema ni kwamba zisitiwe chooni, kwa maana shimo la choo hujaa kabla ya wakati wake, wala zisitupwe porini mbwa akazitawanya. Zichimbiwe shimo lake, refu, mbali na silanga, lenye kifuniko cha mbao na mawe juu. Kumbukumbu la Torati, mlango wa 23, latuonyesha kwamba hata askari wa Israeli alitakiwa kuwa na kijiti cha kuchimbia pamoja na silaha zake, afukie uchafu wake nje ya kambi. Askari wetu walioko Lafey watanielewa.

Na makanisa ya bara nayo yajitazame. Tukiwa na harambee au mkutano mkuu, viti vikishaondolewa, uwanja umejaa chupa za maji na sahani za povu. Akina mama wa kanisa wana sufuria, wana vikombe vya bati vilivyoandikwa jina la kanisa kwa rangi, vimefungiwa stoo kwa sababu hakuna anayetaka kuosha. Vijana waoshe. Sioni ugumu wake.

Sasa nirudi kwenye ile sheria, maana kuna sehemu tumeiacha. Mwenye shimo atalipa. Wazee wa Kisomali wanajua sana mambo ya fidia. Huketi chini ya mti, wakasikiliza pande zote, wakakata bei ya ngamia au ya mbuzi. Lakini hakuna mzee awezaye kuita mtu kwa ajili ya karatasi iliyotolewa tumboni. Haina jina. Ni ya mwalimu, au ya askari, au ya mwenye duka, au ilipeperushwa kutoka ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo mfugaji hubeba hasara peke yake, na sisi tulioacha mashimo wazi tunalala usingizi mzuri.

Kwa sababu hiyo nina ombi kwa kila kikundi cha Wakristo, hata kama mko watano tu mnaokutana katika darasa siku ya Jumapili. Lipeni kwa mikono. Mwendeeni chifu na wazee mwombe ruhusa, na mwaalike majirani Waislamu, ambao hutawadha mara tano kila siku na usafi kwao ni sehemu ya ibada. Chagueni asubuhi moja kabla jua halijapanda. Anzeni kwenye silanga, mwelekee sokoni, mwokote karatasi, kamba za magunia na pakiti, mzitie magunia. Watoto wasipewe chupa zilizovunjika wala sindano.

Fanyeni hivyo mwishoni mwa Machi, msingoje Aprili. Mvua ya kwanza ya Gu ikinyesha, kila kilicho juu ya ardhi huteremka na maji mpaka ndani ya silanga, na baada ya hapo hakuna gunia litakalokifikia. Aliye na reki ailete, na aliye na punda na mkokoteni awaazime kwa siku hiyo.

Kwa leo ni hayo. Mungu akipenda tutakutana tena juma lijalo, saa kama hii. Kwaherini.